Vichupa vya Trei ya Juu

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi shangazi yake, wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alikuza seli za binadamu ndani ya vichupa bapa, katika kabati la joto. Trei ya juu ilikuwa na seli zilizogawanyika kwa kasi. Ya chini ilikuwa na seli zilizokwisha kujaa chupani na kutulia, hazigawanyiki tena. Alama aliandika kwenye trei tu.

Siku moja shangazi alipokwenda kunawa mikono, Chiriku alifungua kabati achungulie. Trei zikateleza, vichupa vikachanganyika. Akavirudisha harakaharaka. "Si zote ni seli tu?" alijiambia.

Fundi wa mionzi alivipiga vichupa vyote mionzi kwa mashine yake, kwa kipimo kimoja. Siku chache baadaye, mambo yakawa shaghalabaghala. Katika trei moja, seli za kichupa hiki zilikufa, za jirani yake zikawa salama.

"Sielewi," shangazi alimwambia fundi, jicho kwenye hadubini. "Mashine yako imeharibika, au ulisinzia?"

"Nisinzie, dada? Niliipima mara mbili," alijibu fundi. "Hata mimi sielewi."

"Basi nitamwambia mkuu wa maabara aifunge."

"Na mimi nifungwe nayo?" Fundi alijaribu kucheka, lakini sauti haikutoka vizuri. Hata hivyo, alimsogezea Chiriku kiti kama kila siku. "Kaa, mwanangu. Umetembea na jua lote hili."

Chiriku hakuketi.

"Mbona leo kimya?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyechanganya vichupa. Nilidhani seli zote ni sawa."

Shangazi alivuta pumzi. "Ni za aina moja, lakini hali zake si sawa. Inayogawanyika mbiombio ikiumizwa na mionzi, haipati nafasi ya kujitengeneza. Iliyotulia huipata. Ndiyo maana nyingine zilikufa, nyingine zikapona."

"Kwa hiyo nimeharibu kila kitu?"

"Tutakuza upya. Na safari hii nitaandika alama kwenye kila kichupa, maana hapo nilizembea." Akamgeukia fundi. "Nisamehe, kaka. Nilikushuku bure."

"Yameisha, dada."

Shangazi akamshika Chiriku bega. "Kosa lililosemwa tunaweza kulirekebisha. Ungelificha, tungeifunga mashine isiyo na kasoro na kumwonea mtu mwema. Sasa keti."

Chiriku akaketi kwenye kile kiti. Punde akauliza, "Shangazi, na seli zangu mimi, zimetulia?"

"Za mdomo, bado," alisema fundi.