Jumapili ya Tatu ya Mei

Kila Februari, theluji ikiwa bado mlangoni, Opal Combs alitandaza karatasi za rangi kwenye meza ya jikoni. Alizikata, akazikunja, akazifunga kwa waya. Kisha alichovya ua moja moja kwenye nta ya moto ili mvua isiliharibu.

Maua hayo yalikuwa ya makaburini. Jumapili ya tatu ya Mei, ukoo mzima wa Combs hupanda kilima. Hufyeka majani, huweka maua, huimba, halafu hula pamoja palepale kwenye nyasi. Hata waliohamia Ohio hurudi Kentucky siku hiyo.

Mwaka huo kulikuwa na kaburi jipya. Mume wake Opal, mzee Hobart, alikuwa amefariki Oktoba iliyopita.

"Kila binti maua sita," Opal alisema. "Dada yako Rhonda ataweka upande wa kulia. Wewe Vernita, wa kushoto, upande wa moyo. Ulikuwa kipenzi chake, usijifanye hujui."

"Nimesikia, Mama."

"Sitaki usikie. Nataka uje."

Vernita alicheka, akaendelea kukoroga maharage. Alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minane. Hospitali ya mji wao ilipofungwa, alitafuta kazi kwa wakala. Wakala huyo hutafuta hospitali zenye uhaba wa wauguzi, na kuwapeleka wauguzi huko kwa wiki kumi na tatu. Mkataba ukiisha, unahamia kwingine au unarudi kwenu.

Mtu wake pale kwa wakala aliitwa Brantley. Vernita hakuwahi kumwona. Alimjua kwa sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa tamu kama asali.

"Nimekupatia Montana!" Brantley alimwambia kwa simu. "Kuanzia Machi. Milima mizuri, utaipenda."

"Milima ninayo mlangoni. Mimi nataka jambo moja. Jumapili ya tatu ya Mei, na Jumamosi yake, niwe nyumbani, hata kama ni kwa ndege."

"Aa, hilo dogo! Wale ni watu waelewa. Ukifika utapanga nao. Wewe saini tu, mwenzio asije akakuwahi."

Mkataba ulikuja kwenye simu. Vernita aliangalia jina la hospitali na siku ya kuanza. Yaliyobaki aliyapitisha kwa kidole, akasaini. Hakuwa mjinga. Huko milimani kwao, mtu akikupa neno lake, amekupa. Kumwambia aandike ni kama kumwita mwongo mbele ya mama yake. Hobart aliwahi kununua nyumbu wa kulimia kwa kupeana mkono tu, na nyumbu alifika.

Basi Vernita akaenda Montana, siku tatu barabarani. Alipanga chumba chenye jiko dogo na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kazi ilikuwa siku tatu kwa wiki, kila siku kwa muda wa saa kumi na mbili. Kazi haikumsumbua. Kilichomsumbua ni siku nne zilizobaki. Alipika maharage na mkate wa mahindi, akala peke yake, na mkate haukuwa na ladha. Alitamani hata kelele za Rhonda.

Wodini alipata rafiki mmoja, Corazon Macaraeg. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Iloilo, ng'ambo ya bahari, mwenye makazi Nevada. Alikuwa amefanya kazi za wakala miaka kumi na moja, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Wewe wa Kentucky," alimtania, "ukisema 'maji' mgonjwa anamaliza kiu kabla hujafika mwisho wa neno."

"Na wewe ukisema, Dada Cora, mgonjwa anadhani anagombezwa."

"Anagombezwa kweli! Hanywi maji!"

Katikati ya Aprili, ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani. Vernita alitafuta jina lake. Jumamosi ya tatu ya Mei, kazini. Jumapili, kazini. Akasoma tena. Alikwenda kwa mkuu wa zamu, Dagny, mwanamke mrefu mpole asiyependa maneno mengi.

"Wakala aliniahidi siku hizo mbili," Vernita alisema.

Dagny alifungua kompyuta, akasoma kwa utulivu. "Hapa kwenye mkataba wako hakuna siku iliyoombwa."

"Lakini aliniambia kwa mdomo."

"Hakutuambia sisi. Pole, Vernita. Wodi itakuwa na wauguzi wachache. Siku hizo mbili Corazon ndiye hayupo."

Vernita alimkuta Corazon kwenye chumba cha kupumzikia, akila wali na samaki. Alimweleza yote. Mwishowe akasema, "Dada Cora, nakuomba. Nipe siku zako."

Corazon aliweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Mjukuu wangu anabatizwa Jumapili ile. Ni wa kwanza. Nilikosa kuzaliwa kwake, mdogo wangu. Siwezi kukupa."

Vernita alivuta kiti, akaketi.

"Wewe ulipataje ruhusa?" Vernita aliuliza.

"Sikupata ruhusa. Nilipata maandishi." Corazon alitoa simu, akamwonyesha mkataba wake. Tarehe zilikuwa pale, mbili, wazi kabisa. "Ona. Hospitali iliziona kabla ya kunikubali. Zamu zikipangwa, siku hizo hakuna anayezigusa. Kabla ya kusaini, hospitali inakuhitaji, na watakusikiliza. Ukishasaini, unaomba tu."

"Kwetu kumwambia mtu aandike ni matusi."

"Hata Brantley akiwa mkweli, kesho ataacha kazi, na neno lake litaondoka naye. Karatasi inabaki. Kwani wewe ukimpa mgonjwa dawa, huandiki?"

"Naandika."

"Unaandika kwa sababu wewe ni mwongo?"

Vernita aliusoma mkataba ule tena.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia Corazon kwamba angepakia gari na kwenda zake, liwalo na liwe.

"Unaweza," Corazon alisema. "Lakini wakala hatakupa kazi tena, na hospitali hii itakufungia mlango. Na Jumapili hiyo wagonjwa wako wataangaliwa na nani? Hawakukudanganya wao." Alimshika bega. "Kaa. Lia. Halafu mara nyingine ufanye inavyopaswa."

Vernita alikaa. Kumpigia mama yake simu kulikuwa kugumu kuliko zamu zote za maisha yake. Opal alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mwanangu," alisema tu. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Jumapili ilifika. Saa nne asubuhi ya Montana, ambayo ni saa sita mchana Kentucky, Vernita alipata mapumziko ya robo saa. Aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango. Rhonda alikuwa ameinua simu kule kilimani. Vernita alisikia upepo, watoto wakikimbia, sahani zikigongana. Kisha wakaanza kuimba. Sauti ya mama yake aliitambua kati ya zote, nyembamba, ikichelewa kidogo kama kawaida. Alitamani awe pale mpaka miguu ikamuuma.

"Rhonda," alinong'ona wimbo ulipoisha, "umeniwekea maua yangu?"

"Mama amekataa. Nimemwambia nitakuwekea, amenifokea mbele ya watu. Upande wa kushoto uko mtupu."

Vernita alifuta uso kwa shuka la hospitali, akarudi kwa wagonjwa wake. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa amekuja mapema.

Januari iliyofuata, Brantley alipiga simu. "Nina nafasi Nebraska! Machi mpaka Juni. Wewe saini tu..."

"Ngoja," Vernita alisema. "Jumapili ya tatu ya Mei. Na Ijumaa na Jumamosi zinazoitangulia. Ziandikwe."

"Vernita, niamini..."

"Nakuamini. Andika."

"Hospitali inaweza kumchukua mwingine, ujue."

"Ndiyo maana nataka kujua sasa, si Aprili."

Ni kweli, Nebraska walimchukua mwingine. Vernita alikaa wiki mbili bila kazi. Hofu ilimshika, na mara mbili aliinua simu amwambie Brantley basi, achana na tarehe, niko tayari kwenda popote. Akakumbuka stoo ya mashuka, akaiweka chini. Wiki ya tatu ikaja hospitali moja ya Missouri. Safari hii Vernita alikaa mezani na mkataba, akausoma neno kwa neno. Alikuta tarehe mbili tu, akaurudisha. Ulipokuja tena na zote tatu, alisaini.

Aprili, ratiba ilipobandikwa Missouri, hakuikimbilia. Alimaliza kazi zake kwanza. Siku zake tatu zilikuwa pale, nyeupe, bila zamu.

Jumapili ya tatu ya Mei, Vernita alipanda kilima na fyekeo mkononi. Opal sasa alitembea kwa fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache. Rhonda alibeba kuku wa kukaanga, na kelele zake zilisikika mpaka bondeni. Vernita hakuzichoka.

Kwenye kaburi la Hobart, Rhonda aliweka maua yake kulia. Opal akamkabidhi Vernita boksi la viatu.

Vernita alifungua. Alihesabu maua, akahesabu tena. Yalikuwa kumi na mawili. Sita yaling'aa. Sita yalikuwa yamefifia, nta yake imeingia vumbi.

"Mama, haya ni..."

"Ya mwaka jana. Rhonda alitaka kuyaweka. Nikamwambia haya yana mwenyewe." Opal aliegemea fimbo. "Baba yako nilimweleza. Nilimwambia uko kazini, una wagonjwa, lakini unakuja. Sasa piga magoti, umeshachelewa mwaka mzima."

Vernita alipiga magoti. Aliyachomeka yale ya mwaka jana kwanza, moja moja, akafuatisha ya mwaka huu, mpaka upande wa kushoto ukajaa.