Mbuzi Hawahesabiwi

Rafiki yangu Ejore, fundi wa programu za simu hapa Lodwar, alijiona mjuaji kuliko waliomzaa. Programu yake ya kuandikisha mifugo ilitaka namba, lakini kutoka boma la Mama Akuwam, nje ya Kakuma, yalikuwa yakiingia majina ya mbuzi, na kisanduku chenyewe cha kujazia hakipokei herufi hata moja. Akaenda huko mwenyewe.

"Mbuzi hawahesabiwi, mwanangu. Wanaitwa," mama akamwambia.

"Ushamba tu huo!" Akawahesabu kwa kidole: arobaini na mmoja. Akaingia kibandani kukwepa jua, akaandika 41.

Nje, kengele zote za shingoni mwa mbuzi zikanyamaza. Simu ikaonyesha 42. Kisha kengele moja ikalia, humo humo kibandani gizani, kila Ejore alipovuta pumzi.