Mapafu ya Nyegere

Hakuna jasusi aliyewahi kumzidi Nyegere kwa pumzi. Haya, nimeanza na uongo: ngazi za ofisini kwake zilimzidi kila asubuhi, na ofisi yenyewe iko ghorofa ya kwanza.

Lakini kazi aliijua.

Asubuhi ile Nokia yake ililia.

"Mjomba anaumwa. Dawa ifike kabla ya saa sita."

Simu ikakatwa.

Maana yake: kisanduku cha baridi kikamatwe leo. Ndani mlikuwa na dawa ya magendo inayofanya damu iwe nzito kama uji. Daktari wa timu aliwadunga wanariadha akiwaambia ni vitamini, apate kuona nani atakimbia na nani ataanguka. Wawili walishaanguka. Saa sita mgeni wa ng'ambo angekuja mlango wa nyuma kuchukua kisanduku, akaiuze dawa hiyo duniani kote.

Nyegere akaingia kituo cha kupima moyo na mapafu kama mwanariadha mpya. Saa ya Casio mkononi, redio ndogo kwenye zipu ya jaketi. Beretta aliiacha garini, maana kaptura ya mbio haina pa kuficha bastola. Pa kuficha kiberiti cha gesi alipapata. Kwenye soksi.

"Jamaa wa karibu?" karani akauliza. "Kukitokea hatari, mashine inamtumia vipimo vyako hapo hapo."

Nyegere, mtu aliyefundishwa kudanganya kwa lugha nne, akataja namba ya mkewe. Mazoea hayo! Mkewe alijua mumewe yuko semina. Tena alijua sigara aliacha tangu mwaka jana.

Daktari yule wa timu akampa mrija. "Vuta hewa. Puliza mpaka mwisho."

Nyegere akapuliza. Mashine ikalia kinyonge, kama inamwonea huruma.

"Umesema unakimbia mita elfu tano?"

"Ndiyo, daktari."

"Mapafu haya hayakufikishi kituo cha basi." Daktari akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Usijali, kaka. Kipo chumba cha watu kama wewe."

Akamfunga mkanda wa mapigo kifuani, akamwongoza hadi chumba cha chuma chenye dirisha moja nene. Wanariadha walikiita Mlimani, kwa sababu mitambo yake hupunguza oksijeni mpaka ukajiona uko kileleni. Ndani, juu ya kitanda, alikaa Mshale, bingwa wa mbio ndefu. Asubuhi ile ile alikuwa amekataa vitamini.

Mlango ukajifunga. Kufuli la sumaku.

Mtego.

Nyegere akatazama kipimo cha hewa ukutani. Kilionyesha hewa ya kawaida. Kifua chake kilisema vingine. Akachomoa kiberiti, akakibofya.

Cheche. Moto hakuna.

Akabofya tena. Cheche tupu.

"Hicho kipimo kinadanganya," akasema. "Hewa inapunguzwa."

"Na wewe mwanariadha gani mwenye kiberiti?" Mshale akamuuliza.

"Mimi si mwanariadha."

"Hilo nililiona ulipoingia."

Spika ikakoroma juu yao. "Msigonge, mtajichosha bure," sauti ya daktari ikasema. "Kaka, moyo wako ukishuka chini ya mapigo arobaini, king'ora kitalia na mlango utafunguka wenyewe. Kila mtu ataona mashine ilifanya kazi yake. Bahati mbaya tu, mtakuwa mmeshachelewa."

Wakamwona dirishani, kisanduku mkononi. Akawapungia, akaondoka.

Nyegere akaivuta zipu mdomoni, akaita ofisini. "Mjomba, Mjomba. Nimenasa."

Chuma kilimeza kila neno.

Kuta zikaanza kusogea. Hazikusogea, lakini nenda kamwambie mtu asiye na hewa. Kucha zake ziligeuka rangi ya wino. Akaupiga mlango teke, mguu ukaumia. Akaupiga bega, bega likaumia. Akakaa chini, akawaza watoto wake.

Mshale alikuwa anapumua kama mtu anayeota jua.

"Wewe husikii kitu?" Nyegere akahema.

"Nalala humu wiki ya tatu, kaka. Mwili umezoea. Hebu, mashine inasikiliza mkanda upi?"

"Wangu tu."

"Nipe."

"Nini?"

"Mkanda! Siku ya kwanza nilipolala humu king'ora kililia, wakaja zimamoto na mipira yao ya maji, nikafa kwa aibu. Kumbe moyo wangu ukitulia haufiki arobaini. Tangu hapo fundi hunishushia kiwango kila nikiingia. Leo wamekiweka chako, cha watu wa kawaida. Ukivuliwa, mashine husubiri tu mpaka isikie moyo tena. Haraka, nivalishe nilale."

Akauvaa, akajinyoosha kitandani, akafumba macho. Juu ya dirisha namba nyekundu zikawaka.

Sabini na nne.

"Una hofu," Nyegere akasema.

"Nitaachaje kuwa na hofu wakati unanihemea sikioni? Nyamaza."

Akajibana ukutani. Sitini. Hamsini na moja. Arobaini na tano.

Kikohozi kikamjia.

Si kikohozi cha mafua. Kile cha mvutaji wa miaka mingi, kinachoanzia magotini. Nyegere akakikaba. Akauma mkono wa jaketi, machozi yakamtoka, masikio yakavuma.

Arobaini na mbili. Arobaini na moja.

Ikaganda pale.

Dirisha likaanza kuwa jeusi pembeni. Kifua kikaruka mara moja, mara mbili. Akauma kitambaa mpaka kikachanika.

Thelathini na tisa.

King'ora!

Kufuli likalegea. Nyegere akaangukia koridoni na kukohoa vikohozi vyote alivyoviwekea akiba.

"Kisanduku!" akakoroma. "Mlango wa nyuma!"

Mshale hakungoja amri ya pili. Daktari alikuwa hatua chache kutoka kwenye gari la mgeni aliposikia miguu nyuma yake. Akakimbia. Mtu anayekula kwa kuwapima wakimbiaji, akadhani atamkimbia bingwa! Mshale alimdaka kola kabla hajafika mlango wa gari, wote wakaenda chini, kisanduku kikabingirika. Mgeni akakanyaga mafuta, akakuta magari mawili ya idara ya Nyegere, yaliyokuwa yakingoja barabarani, yamefunga geti.

Nyegere akafika wa mwisho, akishika ukuta, akamtia daktari pingu.

"Mjomba amepona," akasema kwenye zipu.

"Mbona umechelewa?" redio ikauliza.

"Foleni."

Akapandisha kola ya jaketi, akatembea taratibu kwenda garini, bega moja juu, kama mtu ambaye hajawahi kupiga teke mlango wa chuma. Akafungua droo ya gari, akatoa sigara, akaibana kati ya midomo.

Nokia ikalia. Mkewe.

"Baba watoto, u mzima?"

"Mzima kabisa. Tuko kwenye semina."

"Na sigara?"

"Hata harufu yake nimeisahau, mama."

"Ee. Sasa kuna kituo kimenitumia vipimo vyako. Wameandika moyo ni wa bingwa wa mbio ndefu, na mapafu ni ya mvutaji sugu. Huo moyo najua si wako. Niambie mapafu ni ya nani. Na kwanza toa hicho kitu mdomoni, husemi vizuri."