Kiti cha Bati

Harufu ya udi ilikuwa inatoka kwenye feni ya kompyuta.

Husna aliinama mara mbili kuhakikisha. Mara ya kwanza alidhani jirani anafukiza nguo, ingawa ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, na Mtaa wa Mchikichi mzima ulikuwa madukani. Mara ya pili aliweka pua kwenye matundu ya nyuma ya mashine. Ulikuwa udi kweli, ule mzito wa zamani ambao marehemu bibi yake, Mwanamkuu, alikuwa akiuchoma kwenye chumba hiki hiki.

"Vumbi limeungua," alijiambia, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe alikuwa anajifunza. Ilikuwa miaka ile kompyuta za mitumba zilipoanza kushushwa kwa makontena, na kila mwenye chumba Kariakoo akawa anafikiria biashara. Husna alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Zamzam, wa miaka kumi na mitatu. Mjomba wake, Mwinyimvua, aliyerithi nyumba ya bibi, aliwapa vyumba viwili bure. Husna alishangaa, maana mjomba hakuwa mtu wa kutoa. Chumba cha mbele alipanga kompyuta tano ili vijana waje kucheza mchezo wa vita. Lakini ili wacheze pamoja, kila mmoja amwone mwenzake, ilihitajika mashine ya sita ya kuubeba mchezo.

Neha, aliyemuuzia mashine dukani kwake Kisutu, alimpa sidii tatu za Linux, programu ya kuendeshea mashine, na karatasi ya maelekezo aliyoiandika kwa kalamu.

"Dada Husna, usiogope," Neha alisema. "Yenyewe inauliza, wewe unajibu. Ikiuliza usichokijua, bonyeza Enter."

"Nikiharibu?"

"Unaanza upya. Hii haina hasira."

Kwa hiyo Husna aliiweka mashine ya sita kwenye kona ya chumba cha nyuma, penye ubaridi, akaanza kujibu. Iliuliza kama ifute kila kilichokuwa kwenye diski. Akakubali. Ikataka neno la siri. Akaandika. Halafu ikauliza jina la mashine. Karatasi ya Neha ilisema: jina lolote, neno moja, herufi ndogo.

Husna alifikiri. Alipokuwa mtoto alikuwa akimsikia bibi kwenye kona hii hii, mbele ya chetezo na sahani ya halua, akiita kwa sauti ya chini jina ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyelitumia. Lilikuwa jina zuri. Watu wa kwao walijua kwamba jina linaloitwa hivyo, konani, mbele ya moshi, haliitwi ovyo. Husna naye alijua. Lakini alikuwa na cheti cha kidato cha nne, alikuwa amechoka, na chetezo kilishaondolewa. Aliandika: dahmari. Akabonyeza Enter.

Udi ulianza kunuka kabla sidii ya pili haijaisha.

*

Wiki ya kwanza biashara ilichangamka. Vijana wa mabanda ya viatu walikuja saa za mchana, wakiachiana zamu. Aliyekuwa na kelele kuliko wote ni Seifu, muuza raba wa Mtaa wa Kongo.

"Dada, nani yuko chumba cha nyuma?" aliuliza siku ya Alhamisi.

"Hakuna mtu."

"Sasa mbona tuko watano na orodha ina sita?"

Husna akaja kutazama. Chini ya majina ya vijana palikuwa na jina la sita: dahmari.

"Hiyo ni mashine tu," alisema.

"Mashine haitembei, dada. Huyu anatembea. Hana bunduki, hana kofia, anakuja tu. Ukimpiga hafi. Halafu ananifuata mimi peke yangu, kama demu niliyemtosa."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Labda anadai raba, ulimuuzia mbili za kushoto." Wakacheka tena. Kwenye kioo cha Seifu, mtu mrefu mwenye nguo nyeupe alikuwa anakaribia, polepole, bila kuinua miguu, hadi uso wake ukajaza kioo chote, na usoni hapakuwa na macho wala mdomo.

Seifu aliacha kucheka. Mkono wake ulikakamaa juu ya kipanya. Alifungua mdomo kuwaita wenzake, na mdomo ulibaki wazi, haukutoa hata pumzi ya kusikika. Walimbeba hadi kwao Magomeni. Siku tatu hakusema neno. Ya nne alisema moja tu, mama yake alilisikia, na hakumwambia mtu ni lipi.

Mchana wa siku hiyo ya nne umeme ulikatika. Vioo vitano vikazimika kwa pamoja, mafeni ya dari yakasimama, na barabarani watu wakaguna kama kawaida ya umeme kukatika. Husna alibaki peke yake kwenye kimya kile, na katika kimya alisikia feni ya chumba cha nyuma ikiendelea kuzunguka, na chini ya feni mlio mdogo wa diski, tik, tik, tik, kama mtu anayevuta tasbihi bila haraka.

Aliingia akauchomoa waya wa umeme. Feni ikaendelea kuzunguka. Akachomoa na waya unaoiunganisha na mashine za mbele.

Umeme uliporudi alikaa kwenye mashine ya mbele. Neha alimfundisha namna ya kuibishia hodi mashine ya mbali: unaandika amri na jina lake, na kama iko hai inajibu mara nne, na kila jibu linaonyesha limechukua muda gani. Aliandika jina la ile ambayo waya zake zote mbili zilikuwa zimelala sakafuni, akisema moyoni kwamba haitajibu, haiwezi kujibu, kitu kisichounganishwa hakijibu. Jibu la kwanza likaja, likaja la pili, la tatu na la nne, halafu, baada ya manne ambayo ndiyo kawaida, la tano, la sita, la saba, mistari ikapanda haraka hadi kioo kikajaa, na chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyeandika, pakaandikwa:

nimepewa kiti cha bati
nataka cha nyama

Na baada ya kitambo:

zamzam

Husna hakumbuki alivyofika uani. Zamzam alikuwa ameinamia karai la vyombo, mgongo kwake, mikono imesimama majini.

"Mama," mtoto alisema kwa kunong'ona bila kugeuka, "nani ananiita?"

Nywele zake zilinukia marashi ya waridi. Nyumbani hapakuwa na chupa ya marashi ya waridi tangu bibi afe.

*

Bi Siwema alikuwa anakaanga samaki soko la Feri asubuhi na kutibu watu mchana. Ndiye aliyekuwa akimhudumia Mwanamkuu siku za ngoma zake za majini. Alipoitwa na Husna alikuja akinuka mafuta ya samaki, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, na hakuingia.

"Shikamoo bibi," Zamzam alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nenda kakae kwa jirani. Nenda sasa hivi."

Kisha akamgeukia Husna, sauti imeshuka. "Bibi yako alikuwa kiti cha jini huyu. Miaka arobaini jini alimpanda bibi yako, akasema kwa kinywa chake, akamlinda. Kiti kikifa, jini huagwa. Vyombo vyake hupelekwa pwani kwa heshima, na huambiwa asante, nenda zako. Chetezo kiko wapi? Shuka nyeupe? Pete?"

"Mjomba ndiye aliyetoa vitu."

"Alivitoa, au alivitupa?"

Husna alikumbuka gari la taka lililokuwa linaelekea Jangwani, na kitu cheupe kikining'inia pembeni. Na pete ya fedha yenye kito chekundu alikuwa anaiona kila siku, kwenye kidole cha mjomba.

"Basi jini limetupwa kama taka," Bi Siwema alisema. "Likakaa hapa na hasira, halina mahali. Ukaja wewe ukaliita kwa jina lake na kulipa mahali. Lakini mahali penyewe bati. Halitoki hili, Husna. Mwenye kudhulumiwa hafukuzwi kwa maji ya kombe. Huhamishwa tu."

"Linahamishwaje?"

"Kwa jina la mtu. Mwenye jina alitoe mwenyewe, kwa mkono wake, hapo lilipokaa. Na pete iwepo. Wewe uliandika la kwake, ndiyo maana halijapanda mtu. Hadi Ijumaa saa saba litakuwa limejichukulia mtoto bila kuuliza."

Ilikuwa Jumatano.

Siku ile ile jioni Mwinyimvua alikuja. Husna alimsalimia, akamwambia yote, akamwomba pete tu.

Mjomba hakushangaa hata kidogo. Alijikuna shingo.

"Unadhani vyumba viwili Kariakoo watu wanapewa hivi hivi?" alisema polepole. "Mganga mmoja aliniambia litatafuta damu ya ukoo, litampata atakayelala humo. Mimi nina watoto sita, Husna. Wanasoma. Na lenyewe linapenda wanawake, lilimpenda mama yangu. Zamzam atazoea. Bibi yako alizoea."

"Ulijua."

"Punguza sauti. Mambo ya ukoo haya, yaishie ndani." Akatazama kompyuta tano zilizojaa vijana. "Na mtoto akishaanza kupandwa, hii biashara hutaiweza. Utaniachia mimi niisimamie."

Husna hakulia wala hakutukana. Alimkaribisha chai, akasimama akimtazama anavyoinywa, na kidole chenye pete kilivyoshika kikombe.

*

Ijumaa asubuhi Husna alimpeleka Zamzam Ilala kwa Evarista, rafiki yake wa zamani wa shuleni. Kisha akampigia mjomba simu ya kibanda.

"Limempanda," alisema. "Mtoto nimemwondoa. Chumba kimekuwa safi, hata harufu hakuna. Mimi siwezi tena, mjomba. Njoo nikukabidhi mashine."

"Pole, mwanangu," Mwinyimvua alisema, na Husna alisikia kabisa jinsi pumzi ilivyomtoka kwa raha.

Bi Siwema alikuwa amekaa uani. Alipomwona Husna anaziweka zile sidii tatu mfukoni mwa dera alimshika mkono.

"Unajua unachokifanya?"

"Naanza upya," Husna alisema. "Niliambiwa inaruhusiwa."

Mjomba alifika saa saba kasoro, kanzu imepigwa pasi, akakaa mbele ya mashine ya kona kama mtu anayekaa kwenye gari lake jipya. Maandishi meupe yalikuwa yanapita kwenye kioo cheusi. Husna alishafuta kila kitu na kuanza tena kwa sidii ya kwanza.

"Mbona panapoa hivi?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo maana niliiweka hapa. Sasa inauliza jina. Liandike wewe, ili kila anayekuja kucheza aone mashine ni ya nani."

"Jina langu?"

"Si wewe mwenye nyumba?"

Mwinyimvua akacheka. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole chenye pete, mwinyimvua, akalitazama jina lake likiwa kwenye kioo, akalipenda, na kabla Husna hajamwonyesha cha kufanya, akabonyeza Enter mwenyewe.

Diski ikaanza tik, tik, tik. Husna alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Udi ulikuja kwanza kidogo, kisha mwingi, kisha ukawa kama shuka iliyotandikwa juu ya pua na mdomo, na mjomba akageuza kichwa kumuuliza ni nini hicho, na macho yake yakaenda kwenye kona nyuma ya mashine ambako palikuwa hapana kitu, yakaona kitu, akataka kunyanyuka asiweze, akaanza kuivuta pete, akaivuta mpaka ngozi ya kidole ikachubuka na damu ikadondoka kwenye kanzu, na pete haikusogea, na mdomo wake ukafunguka polepole, mpana kuliko mdomo wa mtu unavyofunguka, bila sauti, kama wa Seifu.

Kisha ukafungwa. Mwinyimvua akakaa wima. Akalamba midomo.

"Halua yangu iko wapi?" aliuliza, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ile ya chini iliyokuwa ikimjibu bibi gizani, ambayo Husna utotoni alidhani ni bibi mwenyewe anajijibu.

"Umekaa?" Husna alimuuliza.

"Nimekaa."

"Ni huyu aliyekutupa."

"Namjua." Kidole chenye pete kikakunjwa, kikakunjwa zaidi, hadi kikavunjika kwa mlio kama wa kuni kavu, na machozi yakatiririka kwenye mashavu ya mjomba ilhali mdomo unatabasamu. "Nitakaa naye sana."

Husna akatoka akafunga mlango. Hakukimbia.

*

Sasa anaishi Ilala, chumba kimoja, kompyuta tano na mashine ya sita, mpya, aliyoipa jina: duka. Zamzam anasoma, analala vizuri, na nywele zake zinanukia sabuni. Ndugu wanasema Mwinyimvua haondoki kwenye chumba cha nyuma, watoto wake wamehama, na saa saba mchana majirani hufunga madirisha.

Husna hajakwenda kumwona. Ila kila siku saa saba, wateja wakienda kula, anakaa kwenye mashine ya mbele na kubisha hodi kwa jina la mwinyimvua. Hakuna waya kati ya Ilala na Mchikichi, hakuna namna jibu linavyoweza kufika. Linafika. Mara nne, upesi, siku zote, na yeye anazima na kwenda kuinjika wali. Jibu likija, kiti kiko hai.

Mwezi huu majibu yameanza kuchelewa. Jana yalikuja matatu. Leo limekuja moja, baada ya muda mrefu, na Husna alikuwa bado anatazama kioo pale Zamzam, uani, alipozima redio na kuuliza:

"Mama, umeniita?"