Homa Haifichwi kwa Simu

Seremala mmoja aliitwa Randa na majirani, kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Karakana yake ilikuwa mbele, nyumba nyuma. Kwa kujisifu, hakuna aliyemfikia.

Mkewe alikuwa na saratani ya titi, akitibiwa kwa dawa za dripu. Zamani walikwenda kliniki pamoja. Daktari wa dawa, daktari wa upasuaji na muuguzi walikaa nao chumba kimoja, wakapanga matibabu. Ugonjwa wa mlipuko ulipoingia, hospitali ilipunguza msongamano. Siku ya dripu mgonjwa aliingia peke yake. Mengine yote yakawa kwa simu.

"Wametutupa," Randa alinung'unika.

"Mtu anayekutupa hukupigia simu?" mkewe akamjibu.

Asubuhi moja mkewe aliamka akitetemeka, ngozi ikiwaka moto. Muuguzi akapiga simu. Randa akapokea, kama kawaida yake.

"Shikamoo baba. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo kabisa! Mzima kama chuma!"

Alipokata simu, mkewe alimkazia macho. "Chuma gani kinachotetemeka?"

"Nikisema una homa, watakulaza na wagonjwa wa mlipuko. Matibabu yako yatasimama."

"Lete simu."

"Lakini mke wangu..."

"Baba watoto, wewe ni msemaji wa meza na viti. Mwili huu ni wangu."

Akampigia muuguzi, akaweka spika, akamweleza yote. Muuguzi hakugomba.

"Mama, umepima?"

"Nyuzi thelathini na tisa."

"Njoo sasa hivi, usingoje kesho. Dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili. Ukifika nyuzi thelathini na nane, hiyo ni dharura, hata ukijiona una nguvu. Usimeze dawa ya kushusha homa kabla ya kuzungumza nasi. Na wewe baba, zamani tulimwona wenyewe. Siku hizi tunategemea mnachotuambia."

Randa akanywea. Alimpeleka mkewe haraka, akabaki nje ya geti la hospitali.

Walimpima ugonjwa wa mlipuko, hakuwa nao. Vijidudu vingine vilikuwa vimeanza kumshambulia. Akatundikiwa dawa papo hapo.

Jioni simu ya Randa ikaita. Kwenye kioo cha simu aliwaona wote: daktari wa dawa nyumbani kwake, daktari wa upasuaji ofisini, muuguzi kando ya kitanda, na mkewe katikati yao.

"Mmewahi," alisema daktari wa dawa. "Mngechelewa, tungempoteza. Dripu tutaisogeza mbele kidogo. Upasuaji uko palepale."

Tangu hapo mkewe ndiye aliyepokea simu za kliniki. Alisema bila kupamba: ametapika lini, anakula nini, wapi panauma. Baada ya upasuaji, kidonda kilipopona vizuri, daktari wa upasuaji akamwomba awafundishe wagonjwa wengine, kwa simu, namna ya kueleza hali zao.

Karakanani, akisikia simu hiyo, Randa alijitahidi kunyamaza. Akashindwa.

"Daktari, huyo ni mke wangu!" akapaza sauti, hata wapita njia wakasimama.