Joto la Sanduku la Kobe

Hamjambo jamani? Nisameheni, sijampa mtu mkono. Kaeni, wenye watoto wapakateni, na tulieni kimya, maana jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa.

Fundi seremala mmoja alikuwa na binti wa miaka saba, tukimwita Kidoti, na Kidoti alikuwa na kobe. Baridi ilipokaza, kobe akajifungia gambani. Hali, hatembei.

"Baba, atakufa!"

"Una baba seremala, halafu unalia?"

Akamjengea sanduku. Kioo mbele, matundu ya hewa ubavuni, balbu ya joto juu, kipimajoto ndani. Mbao zikapungua. Karakanani kulikuwa na mlango wa kabati, kaletewa na mjane mmoja aliyemwambia, "Uchome, fundi. Usiupige randa, usiukate. Uchome tu." Lakini niambieni, seremala gani atachoma mbao ngumu isiyo na hata fundo? Roho ilimuuma. Akaukata, ukawa sakafu ya sanduku.

Kobe akachangamka, akala majani. Kidoti akawa hatoki hapo, tumbo chini, mikono juu ya sanduku. Fundi alikuwa ameanza darasa la watu wazima, kwa hiyo hakukubali kusomewa kipimo. "Niache nisome mwenyewe. Thelathini!"

Siku ya tatu, saa sita mchana, umeme ukakatika. Jioni, umeme bado haujarudi, mkewe akapita pale, akasikia harufu kama ya shuka la mgonjwa wa homa. Akagusa kioo. Cha moto.

"Mume wangu, njoo. Taratibu."

Fundi akainama, akafuatisha kwa kidole. "Thelathini... na saba."

"Nimeuguza watu wengi," mke akanong'ona. "Hilo si joto la kobe. Hilo ni joto la mtu."

Kobe alikuwa kajibana pembeni, na mvuke ulikuwa unatanda kwenye kioo na kuondoka, unatanda na kuondoka, kama mtu anayehema akiwa kabandika mdomo pale.

"Mama," Kidoti akasema nyuma yao, "nasikia baridi."

Mkono wake ulikuwa kama jiwe la kisimani.

Fundi akamtoa kobe, akakamata shoka, akalipiga sanduku pigo moja tu, na lile pigo halijaisha kulia Kidoti akapiga ukelele akashika mbavu, na mama alipomfunua nguo akaona mstari mwekundu unachora ngozi, urefu uleule wa ufa uliotokea kwenye ubao, na shoka likamponyoka fundi.

Wakamwita mjane. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Umeukata?"

"Nisamehe, dada yangu. Tukiuchoma sasa?"

"Nilipokuletea ulikuwa baridi. Sasa umebeba joto la mwanao. Ukiuchoma, utakuwa unamchoma nani?"

"Ni jini gani huyu?"

"Jini anayeona baridi, basi. Alimmaliza mume wangu kwa miezi minne, nami nimekaa kando namfunika mablanketi."

"Tufanye nini?" Fundi alipiga magoti, mtu mzima yule.

"Mpeni joto jingine. Wekeni mikono juu ya sanduku, watu wengi, kwa zamu, ili mtoto arudishiwe lake kidogo kidogo. Kumtoa, sijui. Ningejua, nisingekuwa mjane."

Ndivyo tunavyoishi pale. Mimi ni mdogo wake fundi. Leo asubuhi Kidoti amekunywa chai, akamtania baba yake kwamba anasoma polepole kuliko kobe. Tukacheka. Kisha fundi akainama kwenye kioo, akasoma mara mbili, hakuamini macho yake. Thelathini na nane.

Anazidi kutaka, jamani, na wa kushika zamu nyumbani tumebaki watatu.

Haya, zamu yangu imefika, naondoka. Jioni nitapita tena hapa, nyumba kwa nyumba. Sitaomba chakula wala hela. Nitanyoosha mkono huu uliopoa tu, na anayempenda mtoto yule aushike, asiuachie haraka.