Pete ya Nukta Nane

Mtaa wa maduka ya kompyuta ulifurika watu, na Fundi alikuwa akibishana na muuza wino aliposikia sauti nyuma yake.

"Bado mbishi tu?"

Aligeuka. Alikuwa Mchora Herufi, gauni la samawati, miwani shingoni, mvi mbili tatu zilizomkaa vizuri.

Miaka ishirini nyuma walikaa chumba kimoja cha ofisi. Yeye alichora herufi kwenye karatasi ya miraba, akijaza vijumba kwa penseli, nane kwenda chini, nane kwenda kando. Fundi alizigeuza nambari na kuziingiza kwenye kompyuta za mwanzo mwanzo.

"Hiyo M yako ina miguu kama tandu," alimtania.

"Niongezee nafasi, mpenzi, nikuchoree malaika."

Siku Fundi alipomwomba waoane, mwanamke alicheka tu. Kesho yake akamletea diski. "Seti ya mwisho. Kagua alama zote, usiishie Z kama kawaida yako."

Wiki hiyohiyo zikaja mashine mpya, herufi zake laini zisizo na vidato. Diski ikaishia kwenye droo. Fundi akangoja jibu la mdomo, kiburi kikamzuia kuuliza. Mwezi ulipokwisha, dada wa watu akaacha kazi.

"Ulininyamazia," Fundi alimwambia sasa.

"Mimi? Kwani ile diski uliikagua?"

Mwanamke akaandika namba ya simu nyuma ya risiti, akampa, akaondoka.

Nyumbani, Fundi aliitoa ile diski droooni, akaiingiza kwenye mashine yake kuukuu. Akapita A, akapita Z, akapita alama zote. Kwenye nafasi ya mwisho, ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, palikuwa na pete iliyochorwa kwa nukta, yenye jiwe juu. Akapiga simu.

"Nimeiona."

"Leo?"

"Leo."

"Ee Mungu wangu! Nilidhani uliiona ukanipuuza. Nililia mwaka mzima."

"Nije?"

"Usije. Mume wangu yuko mezani, ananisubiri tule. Ni mtu mwema, Fundi."

Fundi alifumba macho. Yaliyopita si ndwele, husema watu. Yeye yalimuuma kama ya jana.

"Lile jiwe lilinitoa jasho," mwanamke alisema taratibu. "Bila jiwe ingefanana na O. Niambie kweli, inaonekana pete?"

"Inaonekana."

"Haya, vizuri," akasema, akakata simu.